Mfano wa Sinki

Redio ya jikoni ilikaa juu ya jokofu, na jokofu lenyewe lilikuwa limetengenezwa na mwenye nyumba mara nyingi kiasi kwamba halikubaki na kitu cha kiwandani isipokuwa mlango. Asubuhi ile redio ilikuwa ikizungumzia mbingu. Mama Duara alimtambua mgeni kabla mtangazaji hajamaliza kumsifu. Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, kisu kikabaki hewani.

"Sasa wewe msikilizaji," ikasema sauti ya mgeni, tamu, isiyo na haraka, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, "hebu simama mbele ya sinki lako. Umeosha vyombo, umechomoa kizibo. Maji hayaendi tunduni moja kwa moja, sivyo? Yanazunguka kwanza. Na kuna ile punje moja ya wali..."

Mama Duara akaizima redio. Aliizima kwa hasira mpaka kitufe kikang'oka, akabaki nacho mkononi.

"Na mimi nilikuwa nasikiliza," alisema mumewe. Alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na chai nyingi.

"Unasikiliza nini? Wizi?"

"Wizi wa sinki?"

"Punje ile ni yangu. Unajua fika kwamba ni yangu."

"Haya, punje yako," alisema mumewe, akinyoosha kiganja apewe kitufe. "Lakini redio ni yangu."

Aliyekuwa akizungumza redioni aliitwa Kipaza. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake zamani, kwa kuwa kila palipokuwa na mkutano, kipaza sauti kilimfuata chenyewe. Yeye na Mama Duara walisoma pamoja na kulala chumba kimoja cha bweni, kitanda cha juu na cha chini. Mama Duara alilala chini. Wakati ule hakuona neno, lakini miaka ilivyokwenda, hata hilo alilitia katika hesabu ya mambo aliyodhulumiwa.

Siku ya punje walikuwa na zamu ya vyombo. Mama Duara anasugua sufuria iliyoungua, Kipaza anafuta na kupanga. Maji yalipoanza kushuka, punje moja ya wali ikabaki inazunguka tundu, polepole mwanzoni, kisha kwa kasi kadiri ilivyokaribia, mpaka ikapotea. "Shoga, ona!" Mama Duara alisema, mikono imejaa povu. "Hivi ndivyo shimo jeusi linavyokula. Halifyonzi tu. Linazungusha kwanza, vitu vinasuguana, vinapata moto, vinapiga kelele, ndipo vinamezwa. Na sisi kazi yetu ni kusikiliza hizo kelele." Kipaza alicheka hadi akaangusha mfuniko. Alicheka, kisha akasahau. Au ndivyo Mama Duara alivyodhani, mpaka miaka mingi baadaye alipoisikia punje yake redioni ikiwa na mama mwingine.

Jina la Mama Duara nalo lilitokana na kazi. Katikati ya galaksi nyingi pana shimo jeusi kubwa lililolala, lakini zipo galaksi hai, ambazo shimo lake limeamka na linakula. Zikila, hutoa eksirei. Eksirei hizo hazifiki chini, hewa yetu huzizuia, na tushukuru, maana zingefika tusingekuwepo wa kuzichunguza. Kwa hiyo darubini yake hubebwa na setilaiti juu kabisa ya hewa, na inacholeta si picha ya kupendeza ya kutundika sebuleni. Inaleta vidoa. Kila kidoa ni chembe moja ya eksirei iliyosafiri tangu kabla hujazaliwa wewe na babu yako, ikagonga kioo, ikahesabiwa.

Basi unachora duara juu ya galaksi, unahesabu vidoa. Unachora duara la pili pembeni, mahali pasipo na kitu, unahesabu tena. Kisha unatoa hili katika lile, kwa sababu hata mahali pasipo na kitu pana uchafu wake. Ukilikosea hilo duara la pili, utautangazia ulimwengu kwamba galaksi imeamka, kumbe umehesabu takataka za jirani. Mama Duara alikuwa bingwa wa duara la pili. Watu waliokuwa wamekwama walimtumia picha zao kutoka kila upande, naye alikuwa akitazama tu na kusema, "Hapana, hapo umekaa karibu na mwenye kelele. Hamisha mkeka." Wanafunzi wake walilitumia neno hilo hata kwenye mambo ya uchumba.

Ungedhani mtu kama huyo ameridhika. Hakuridhika. Kipaza alikuwa kwenye taasisi kubwa ya mji mwingine, yenye lifti inayofanya kazi. Mama Duara alipanda ngazi kila siku mpaka ghorofa ya juu, kwenye chumba chenye dirisha lisilofunga, aliloliziba kwa karatasi za mtihani zilizokunjwa. Mvi zilimpendeza Kipaza. Mama Duara alizipaka rangi. Na mtu mgeni akimuuliza anafanya kazi gani, naye akaeleza, basi jibu lilikuwa lilelile: "Aaa, kama yule mama wa redioni!" Alikuwa akijibu, "Ndiyo, kama yule," akitabasamu kwa meno, na siku yake ilikuwa imekwisha kuharibika.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mama Duara angewabishia, maana yeye sababu alikuwa nazo, amezipanga kama sahani kabatini. Alisoma kila chapisho la Kipaza, si kwa kujifunza, bali kama mtu anayechambua mchele, anatafuta mawe. Akikosa jiwe alikuwa akikasirika zaidi. Lakini kwenye mikutano walipokutana alikuwa wa kwanza kumkumbatia, "Shoga yangu jamani, umependeza," na maskini ya Mungu, ilikuwa kweli kwamba amependeza.

Kisha kulikuwa na Kimya, na hapa ndipo wivu ulipopata nyama.

Kimya alikuwa msichana aliyekaa kiti cha nyuma kabisa darasani na kumaliza muhula mzima bila kuuliza swali. Mama Duara ndiye aliyegundua kwamba yule binti akiachwa na picha ya vidoa, anachora duara la pili mahali ambapo yeye mwenyewe angelichora. Bweni lilipofungwa kwa ukarabati, akamchukua nyumbani, akampa chumba cha nyuma. Akakaa kwao muda wote wa shahada ya uzamili. Alikula nao, alimsaidia fundi kushika tochi chini ya majokofu, na aliosha vyombo kwenye sinki lile la jikoni. Huko ndiko alikofundishwa habari za punje, akionyeshwa punje yenyewe. Kwanza alimwita Mama Duara "Dakta". Baadaye akamwita "Mama", na aliyeitwa hivyo siku ile ya kwanza ilimbidi atoke nje ajifanye anaanua nguo.

Halafu ikaja nafasi ya uzamivu yenye ufadhili. Ilitoka kwenye taasisi yenye lifti. Atakayemsimamia ni Kipaza.

"Nenda, mwanangu," Mama Duara alisema kwa mdomo. Moyoni alisema mengine. Alimfungia mizigo, akamsindikiza hadi kituoni, akarudi na kuukuta mswaki wa yule binti umesahauliwa bafuni. "Amechukua mfano wangu," alimwambia mumewe, "sasa amechukua na mtoto."

"Mtoto ameenda shule," alisema fundi.

"Wewe huelewi."

"Sielewi," alikiri fundi, akamwongezea chai.

Miaka minne ilipita hivyo. Kimya alipiga simu, mwanzoni kila wiki, kisha alipopata nafasi. Mama Duara alimuuliza habari za kazi, naye alijibu kwa kifupi kama kawaida yake. Akizidi kusema "Dakta wetu amesema hivi" na "Dakta wetu amefanya vile", Mama Duara alikumbuka ghafla kwamba ana sufuria jikoni.

Sasa, darubini ni moja na wanaoitaka ni wengi. Kila mwaka watu huandika maombi: nipeni darubini itazame galaksi fulani, kwa saa kadhaa, kwa sababu hii na hii. Maombi hayo husomwa na kamati, na kwa sababu wasomi nao ni binadamu, hufichwa jina la mwombaji. Msomaji hajui ombi ni la profesa mwenye sifa au la mtu asiyejulikana. Sheria ni nyepesi: pima hoja, usipime mtu. Na kama kwa bahati umemtambua mwenye ombi, sema, na ombi hilo litahamishiwa kwa msomaji mwingine. Hakuna atakayekuuliza zaidi.

Mwaka ule Mama Duara aliitwa kwenye kamati kwa mara ya kwanza. Alifurahi hata akanunua miwani mipya. Katibu wa kamati, mwanamume mkavu aliyezungumza kama mtu anayesoma maelezo ya dawa, aliwaeleza wasomaji kanuni kupitia kompyuta, akauliza kama wamezielewa. Wote walisema wamezielewa. Mama Duara aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Alisoma kwa haki. Tusimsingizie. Ombi la kwanza, la pili, na mengi yaliyofuata, aliyapima kama mpima dhahabu. Mpaka alipofikia ombi moja kuhusu galaksi iliyokuwa imezimika kwa miaka mingi na sasa ilionyesha dalili za kuamka. Lilikuwa ombi zuri. Tena lilikuwa na haraka ya kweli, kwani galaksi ya namna hiyo ukiichelewea, unafika karamu imekwisha. Mama Duara alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, kalamu mkononi, ndipo alipofika ukurasa wa pili akasoma kwamba gesi iliyo karibu na shimo jeusi hufanya kama punje ya wali inayozunguka tundu la sinki, na kwamba kila mzunguko wa mwisho una habari.

Aliweka kalamu chini.

"Huyu mwanamke," alisema peke yake chumbani. "Huyu mwanamke hana haya."

Mpaka kwenye ombi la siri! Mpaka mahali ambapo hata jina lake hawezi kuliandika, bado ameileta punje ya watu! Roho ilimuuma. Akainuka, akaliziba upya dirisha ambalo halikuwa limezibuka, akakaa tena. Kanuni aliijua. Angepaswa kumwandikia katibu neno moja tu: nimemtambua. Na katibu angelihamisha, na msomaji mwingine angelisoma, na msomaji huyo angelipenda, kama yeye mwenyewe alivyolipenda dakika chache zilizopita. Na galaksi ingeamka mikononi mwa Kipaza, na redio ingesema.

Hakumwandikia katibu.

Siku ya kikao wasomaji walikutana kwenye kompyuta, kila mtu kwenye kidirisha chake. Ombi la sinki lilipofika, wawili walilisifu. Mmoja alisema ule mfano umemfurahisha. Hilo la kufurahishwa ndilo lililommaliza Mama Duara. Akawasha sauti yake.

"Galaksi hii ina jirani," alisema. "Upande wake wa kushoto pana nyota yenye kelele sana. Mwombaji anasema atachukua duara la pili upande wa kulia. Mimi nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na ninawaambia hapo hapatenganishiki. Tutampa saa za darubini, atatuletea kelele za jirani."

Haikuwa kweli. Yaani, jirani alikuwepo kweli, na kelele zilikuwepo. Lakini upande wa kulia palikuwa safi kama kiganja, na mwombaji alikuwa ameeleza vizuri atakavyokaa. Mama Duara angekuwa yeye ndiye mwombaji angekaa palepale. Lakini nani atabishana na Mama Duara juu ya duara? Wale wawili waliolisifu wakanyamaza. Mmoja akasema, "Kama Dakta anaona hivyo..." Alama zikashushwa. Katibu akamwomba aandike maoni ya kumpelekea mwombaji, naye akayaandika hapohapo, kwa lugha safi na ya upole.

Jioni ile alipika akiimba. Mumewe alimwangalia kwa jicho la pembeni. "Kuna nini?"

"Hakuna. Kazi imekwenda vizuri."

Na iseme ukweli wake hadithi hii: wivu una utamu wake. Kwa majuma kadhaa Mama Duara alipanda ngazi bila kuhema. Redio iliposema habari za mbingu aliiacha iseme, ila ilipofika kwenye sinki aliizima kwa kukizungusha kitufe, kilichokuwa sasa kimegandishwa kwa gundi ya majokofu, akatabasamu. Sema tu, mama, aliwaza. Sinki unalo, galaksi huna. Ombi la Mama Duara mwenyewe, lililosomwa na kamati nyingine iliyotangulia kutoa majibu, lilikuwa limepita. Mambo yalikuwa shwari.

Matokeo ya kamati aliyokaa yeye yalitangazwa siku ya mapumziko. Alasiri yake simu ikalia, na juu yake lilikuwa jina la Kimya.

"Mwanangu! Umenikumbuka leo!"

Upande wa pili palikuwa na pumzi tu. Alikuwa amemzoea, akangoja.

"Mama, wamenikataa."

"Nani kakukataa? Mchumba?"

"Kamati ya darubini. Niliomba muda mwaka huu. Sikukwambia, nilitaka nikipata ndipo nikupigie." Sauti ilikatika. "Ufadhili wangu unaisha mwakani, na galaksi yenyewe inaamka sasa hivi. Nisipoiona sasa sina tasnifu, Mama. Sina kitu."

Mama Duara alikaa kwenye kiti cha jikoni. Mwili ulikuwa umeshajua, akili ndiyo ilikuwa inachelewa njiani.

"Uliomba na Dakta wenu?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Hapana. Alisema ana safari, nifanye mwenyewe. Hakulisoma hata." Karatasi zikasikika. "Ngoja nikusomee walivyosema, maana wewe ndiye mwenye mambo ya duara. Wanasema: 'Kamati inatambua ubora wa hoja, lakini kwa masikitiko inaona kwamba kelele za jirani hazitatenganishika na galaksi kwa njia iliyopendekezwa.' Sasa Mama, mimi nilichukua upande wa kulia. Uko safi. Nimeutazama mpaka macho yameuma. Au nimekosea wapi?"

Yalikuwa maneno yake. Hata lile "kwa masikitiko" lilikuwa lake, alikuwa amelitia mwishoni ili yasikike ya kiungwana.

"Hukukosea," alisema.

"Basi kwa nini?"

"Kamati huwa na mambo yake."

"Nilivyosoma nililia, halafu nikacheka," alisema Kimya, ambaye hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja. "Nikajisemea, angekuwepo Mama pale, angewaambia: jamani, mtoto ameshahamisha mkeka, mnataka nini tena? Ungekuwepo pale tu, Mama."

Fundi alikuwa ameingia jikoni kutafuta bisibisi. Alimwona mkewe akaacha kutafuta.

"Nilikuwepo," alisema Mama Duara.

Aliibana simu sikioni.

"Nilikuwepo, mwanangu. Hayo unayoyasoma niliyaandika mimi."

Kimya cha Kimya alikijua aina zake zote: cha aibu, cha kufikiri, cha kushiba. Hiki hakuwahi kukisikia. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya chini na ya adabu, na ile adabu ndiyo iliyochoma.

"Ulijua ni langu?"

"Wallahi sikujua."

"Ulidhani ni la nani?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema hakudhani kitu, kwamba alikosea kupima, na wazee hukosea. Yule binti angemwamini. Alikuwa amezoea kumwamini.

"La Kipaza," alisema. "Niliona sinki. Niliona punje, nikasema ni yeye."

"Punje?" Kimya alisikika kutoelewa kwa kweli. "Lakini punje nilifundishwa na wewe. Hapo, kwenye sinki la nyumbani. Huku kila mtu anajua punje ni ya kwako. Dakta akitoa mhadhara huanza na hadithi ya rafiki yake aliyekuwa anasugua sufuria bwenini."

"Redioni hasemi."

"Redioni husema mwishoni. Si siku zote. Siku nyingine husahau, unamjua akishapewa kipaza. Lakini hujawahi kumsikia akisema?"

Mama Duara alitazama redio juu ya jokofu, na kitufe chake kilichopakwa gundi. Hakuwahi hata mara moja kusikia kipindi kile kikifika mwisho.

"Mama," alisema Kimya, "nina kazi kidogo. Tutaongea." Akakata.

Fundi akavuta kiti. Mkewe alimweleza yote, tangu kalamu mpaka lile "kwa masikitiko", akilia kwa sauti kama mtu wa msibani. Fundi hakumtetea wala hakumsema. Aliuliza jambo moja tu: "Kinatengenezeka?"

"Nikimwambia katibu kwamba nilidhani nimemtambua mwombaji nikanyamaza, alama zangu zitafutwa. Lisomwe upya."

"Na wewe?"

"Mimi nimekwisha."

"Sikukuuliza hivyo," alisema fundi.

Kulipokucha alimpigia katibu. Alijieleza bila kujipamba, na katibu akamsikiliza mpaka mwisho bila kumsaidia hata neno. "Kanuni unazijua, Dakta," alisema hatimaye. "Nilizisoma. Uliitikia." Ilikuwa kama kusomewa dawa, mara tatu kwa siku. Ombi likapelekwa kwa wasomaji wengine. Mama Duara akaondolewa kwenye kamati asirudi tena, na ombi lake mwenyewe lililokuwa limepita likafutwa. Kazi aliyokuwa ameipanga kwa mwaka mzima ikabaki haina picha. Kwenye korido za chuo, ambako siri haikai hata ukiifungia kabatini, watu walianza kumsalimia kwa upole uliozidi. Aliyemuumiza zaidi ni yule aliyekuja na picha yake ya vidoa, akafika mlangoni, akasita, akasema atarudi baadaye.

Kipaza alipiga simu. Kimya alikuwa amemweleza, au habari ilimfikia kwa njia zake.

"Shoga," alisema ile sauti tamu, "ungeniambia tu kama nimekukera."

Mama Duara alitafuta jibu la kiungwana akalikosa. "Umenikera," alisema. "Miaka yote. Hata kile kitanda cha juu."

Kipaza akacheka, kile kicheko cha mfuniko, na Mama Duara akagundua kwamba bado anakichukia. Alikuwa ameharibu nyumba kwa ajili ya wivu ule, na wivu wenyewe haukuwa umehama. Ulikuwa umekaa palepale, umekunja miguu.

Kimya hakupiga. Mama Duara alimtumia salamu, zikajibiwa kwa heshima: nzuri Dakta, shikamoo Dakta, msalimie Baba. Fundi bado alikuwa Baba.

Kwamba ombi limepita aliambiwa na watu wengine. Kwamba setilaiti iligeuzwa na kuikuta galaksi inawaka kuliko ilivyotarajiwa, alisoma kama alivyosoma mgeni yeyote. Aliifungua picha ya Kimya chumbani mwake, juu, upepo ukipuliza karatasi za dirishani. Duara la kwanza juu ya galaksi. Duara la pili upande wa kulia, mahali pasafi. Alilitazama kwa muda mrefu akitafuta cha kusahihisha, kwa mazoea tu, na hakukipata.

Kisha ikaja asubuhi moja, mkate mezani, na redio ikasema kwamba leo mgeni wetu ni msomi kijana aliyeiona galaksi ikiamka. Fundi aliinua macho. Mama Duara aliweka kisu chini.

Kimya alizungumza vibaya mwanzoni, kwa woga, akimeza maneno. Mtangazaji akamsaidia. Kidogo kidogo sauti ikanyooka. Mama Duara alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, midomo yake ikitamka pamoja naye, kama mzazi kwenye sherehe ya shule.

"Hebu tufafanulie," alisema mtangazaji. "Sisi tusiosoma tutaelewaje?"

"Simama mbele ya sinki," alisema Kimya. "Chomoa kizibo."

Mama Duara alikuwa ameinuka, na mkono wake ulikuwa umefika kwenye kitufe bila yeye kuutuma. Fundi aliuona. Ule mkono ukakaa pale, vidole juu ya gundi, Kimya akieleza maji, akieleza msuguano, akieleza punje, vizuri, vizuri kuliko Kipaza, na ikiwa tutasema ukweli, vizuri kuliko mwenye punje. Mtangazaji akafurahi. Akamuuliza mfano mzuri namna hiyo ameutoa wapi.

"Aaa," alisema Kimya. "Ni mfano tu wa nyumbani."

Kisha akawashukuru waliomsaidia: msimamizi wake, wafadhili, rafiki zake wa maabara, na baba yake mmoja, fundi wa majokofu, aliyemfundisha kushika tochi bila kutikisika. Mtangazaji akamshukuru. Muziki ukaingia, kisha tangazo la sabuni, kisha habari za bei ya saruji.

Mama Duara alisikiliza mpaka mwisho, na tangazo la sabuni akalisikiliza lote, asije akapitwa.